Mtoto Akikosa, Mnamfanyaje?

Mimi na mume wangu tunasali makanisa mawili tofauti. Yeye alilelewa katika Upentekoste, ambako mtu hubatizwa akiwa na akili zake, tena kwa kuzamishwa. Mimi ni Mkatoliki niliyebatizwa nikiwa mchanga, siku nisiyoikumbuka. Kwa hiyo kumtafutia kifungua mimba wetu shule ya Kikristo hakukuwa suala la kuuliza ipi iko karibu, tukalipa ada, tukanunua sare, kazi ikaisha. Tulitaka shule ambayo angeanza nayo darasa la kwanza na kuendelea nayo mpaka yale madarasa ya kati, umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, mtoto anapobalehe na kuanza kuhoji kila alichokuwa akikiitikia amina.

Kabla ya kutembelea shule yoyote tuliulizana swali ambalo naona wazazi wengi huliruka: shule ya Kikristo tunaitaka ya nini? Mume wangu alisema anataka mtoto alijue Neno. Mimi nilisema nataka akue mahali ambapo kusali si jambo la kuchekwa. Yote kweli. Lakini tulivyozidi kuzungumza mengine yakajitokeza: sifa ya nidhamu, madarasa yasiyofurika, matokeo mazuri ya mitihani, hofu ya marafiki wabaya. Sioni dhambi katika sababu hizo. Ubaya ni kuzivika joho la imani. Mzazi anayetafuta alama akazikuta kwenye shule yenye msalaba getini atafurahia alama zake, ila asishangae mtoto akimwambia kwamba mitihani ikikaribia kipindi cha dini ndicho cha kwanza kufutwa. Sisi tuliziandika sababu zetu zote kwenye karatasi, za kiroho na za kidunia, tukakubaliana zikigongana ipi itashinda. Karatasi ile ilitufaa kuliko vipeperushi vyote tulivyopewa.

Tulipoanza kuzunguka, tuliona upesi kwamba shule mbili zinaweza kujiita za Kikristo na zisifanane hata kidogo. Kuna ya parokia au dayosisi, iliyo chini ya kanisa lenyewe. Kuna ya watawa, wenye desturi zao za malezi tangu enzi. Kuna ya Waadventista, ambako wiki nzima inaielekea Sabato ya Jumamosi na kuutunza mwili ni sehemu ya dini. Kuna iliyoanzishwa na wazazi wa madhehebu mbalimbali waliokubaliana juu ya tamko moja la imani. Na kuna ya mtu binafsi ambaye ni Mkristo, na shule ni biashara yake. Hiyo nayo inaweza kuwa nzuri sana, lakini uliza: mwenye shule akikosea, nani wa kumwajibisha? Mahali pengine jibu lilikuwa bodi, mahali pengine askofu, mahali pengine nilitazamwa tu kama niliyetukana.

Ipo tofauti nyingine ambayo haiandikwi kwenye kibao. Baadhi ya shule hupokea watoto wa waumini peke yao: mzazi mmoja au wote wawili wakiri imani, na mara nyingi walete barua ya mchungaji. Wanaoziendesha wanaamini kwamba shule inaendeleza kile ambacho nyumba na kanisa vimekwisha kuanza. Nyingine humpokea yeyote, na kwao shule yenyewe ndiyo uinjilisti. Mume wangu alivutwa na zile za kwanza, kwa sababu mtoto hatasikia jambo moja nyumbani na lingine darasani. Mimi nilikuwa na wasiwasi kwamba mtoto ambaye hajawahi kukaa dawati moja na asiyeamini anaweza kuvaa Ukristo kama anavyovaa sare, kwa kuwa wote wamevaa. Hatukumaliza ubishi huo kwa hoja. Uliisha baadaye, tulipokuta shule ya mlango wazi yenye walimu wanaoamini kweli, na shule ya waumini watupu ambayo watoto wake walikuwa wanaigiza.

Uliza pia mtaala ni upi, kwa sababu jina la shule halikwambii mtoto atakaaje siku nzima. Upo mfumo ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970, ambao mtoto hujisomea vijitabu kwa kasi yake, kila mmoja kwenye meza yake yenye vizuizi pande mbili, na akitaka msaada huinua kibendera kidogo. Kwa mtoto mwenye utulivu, anayependa kujipimia, unaweza kufaa. Kifungua mimba wetu ni mtu wa maneno. Hufikiri kwa kuongea. Kumweka kwenye kijimeza chenye vizuizi ingekuwa adhabu bila kosa, kwa hiyo shule hiyo tuliiacha bila ubishi, ingawa mkuu wake alikuwa mtu mwema sana.

Suala la dhehebu halikuwa jepesi. Ukiwa mchumba wa Mpentekoste unaambiwa upendo utashinda yote, hakuna anayekwambia kwamba siku moja mtoto wa miaka minane atarudi kutoka shule akuulize, "Mama, mwalimu amesema ubatizo wa mtoto mchanga si ubatizo. Kwa hiyo wewe hujabatizwa?" Aliniuliza mbele ya baba yake, ambaye aligeuka kutafuta kitu kabatini. Nilikwenda shuleni kesho yake, si kugombana. Nilimweleza mwalimu kwamba anayo haki ya kufundisha imani ya shule yake, maana tuliisoma na tukaisaini, ila mtoto aambiwe pia kwamba wapo Wakristo wengi wanaoamini vingine, na kwamba mama yake ni miongoni mwao. Mwalimu alikubali, na namna alivyokubali ilinionyesha alivyo kuliko usaili wowote. Tangu hapo nawashauri wazazi waulize mapema, kwa majina: ubatizo mnafundishaje, Meza ya Bwana nani hushiriki, Jumamosi na Jumapili mnazichukuliaje, Bikira Maria mnamzungumziaje mbele ya watoto Wakatoliki, kunena kwa lugha je. Kwetu Wakatoliki kuna na Komunyo ya Kwanza. Tangu Papa Pio X alipoamua mwaka 1910 kwamba umri wa kupambanua, ambao mtoto anaweza kuipokea Komunyo, ni karibu miaka saba, watoto wengi huandaliwa wakiwa bado madarasa ya chini. Mtoto wako akiwa kwenye shule isiyo ya Kikatoliki, maandalizi hayo yatakuwa mzigo wako na wa parokia yako, na ratiba ya shule haitakusubiri.

Sasa nije kwenye swali tulilolitegemea kuliko yote. Lilikuwa fupi: mtoto akikosa, mnamfanyaje? Niliuliza kila shule, baada ya mkuu kumaliza kunieleza maono na dhamira, maana maono ya shule zote yanafanana na unaweza kuyabadilisha vibao usiku watu wasijue.

Mkuu mmoja alifungua mtoto wa meza akanitolea orodha ya makosa na adhabu zake, imepangwa vizuri, kila adhabu na mstari wake wa Biblia pembeni. Mwingine alicheka akasema, "Mama, hapa watoto hawakosi." Wa tatu aliniuliza, "Kosa gani?" Nikanyamaza. Akaendelea: kuna mtoto anayedanganya kwa kuwa anaogopa, kuna anayedanganya kwa kuwa amezoea kupata faida, na kuna aliyesahau tu akaitwa mwongo. Akanisimulia, bila kutaja jina, habari ya mtoto aliyechukua kalamu za rangi za mwenzake. Walikaa watatu, mwalimu na watoto wawili. Aliyechukua alizirudisha kwa mkono wake mwenyewe na kusema kwa nini alizichukua, na darasa halikupata kujua. "Akijulikana kwa jina la mwizi akiwa na miaka tisa," alisema, "nani atamwondolea jina hilo akiwa na kumi na mitano?"

Hayo si mambo mapya katika Ukristo, na ndiyo maana sikubali shule inayojitetea kwamba ukali ni mapokeo. Don Bosco, padre wa Turin aliyeishi na vijana wa mitaani karne ya kumi na tisa, aliandika mwaka 1877 maelezo mafupi ya njia yake ya malezi. Alitofautisha njia ya kukandamiza, ambapo mkubwa hutangaza sheria kisha huvizia wavunjaji, na njia ya kukinga, ambapo mkubwa huwa katikati ya vijana, anacheza nao, anawajua, na kosa linazuiwa kabla halijatokea. Nguzo zake zilikuwa tatu: kumwelewesha kijana kwa hoja, dini, na upendo unaoonekana. Katika Biblia ya mume wangu, Paulo anawaambia Waefeso, "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Niliona kwamba shule zinazopenda fimbo hupenda kunukuu Methali, na mstari huu wa Waefeso wao huunukuu kuanzia kwenye neno "waleeni".

Kuhusu fimbo yenyewe sina maneno mengi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unazitaka nchi zimkinge mtoto na kila aina ya ukatili, wa mwili na wa akili, akiwa mikononi mwa mzazi au mlezi yeyote. Shule iliyoniambia "tunachapa kidogo, kwa upendo" tuliiaga. Lakini jihadhari, kwa sababu shule inaweza isiwe na fimbo hata moja na ikachapa kwa njia nyingine. Nilihudhuria ibada ya asubuhi mahali ambapo mtoto aliyekosa aliitwa mbele ya wenzake wote "aombewe". Akasimama, kichwa chini, mamia ya macho juu yake, mchungaji kamwekea mkono. Walioniandalia kiti walidhani nitabarikiwa. Na kuna lile la "Mungu anakuona". Ni kweli anaona. Lakini mtoto wa miaka saba anayekumbushwa hivyo kila anapovunja sheria, na asiambiwe hata mara moja kwamba Mungu alimwona alipomgawia mwenzake chakula, anachorewa askari, si Baba.

Kwa hiyo tulijifunza kutokwenda shuleni siku ya maonyesho. Nenda siku ya katikati ya wiki, katikati ya muhula, uombe kukaa nyuma ya darasa la hesabu. Ibada itakuwa nzuri kila mahali, kwaya zimefanya mazoezi. Darasa la hesabu ndilo linaloonyesha mwalimu anavyomsikiliza aliyekosea jibu. Kisha kaa uwanjani wakati wa mapumziko. Angalia wanaobaki peke yao, na angalia kama yuko mtu mzima anayewaona. Angalia vyoo. Sikiliza walimu wanavyomwita mpishi na mlinzi wa geti. Watoto wanayasikia hayo kila siku, na hakuna mahubiri yatakayoyafuta.

Kisha uliza kuhusu walimu: wanakaa muda gani, na mishahara inatoka kwa wakati? Najua ni swali la utovu wa adabu. Niliuliza. Katika Ufaransa ya karne ya kumi na saba, Jean-Baptiste de La Salle, kasisi wa familia yenye uwezo, alianza mjini Reims, karibu mwaka 1680, kuwakusanya walimu wa watoto maskini. Aliona kwamba shule zinayumba kwa sababu walimu hawakuandaliwa wala kutunzwa, akawakaribisha nyumbani kwake, ndugu zake wakakasirika. Shirika la mabruda wa shule za Kikristo lilizaliwa hapo. Kwa hiyo shule inayomwambia mwalimu kwamba malipo yake yako mbinguni huku ikijenga jengo la utawala la ghorofa, mimi naihesabu kuwa imekosea elimu ya dini kwenye somo la kwanza. Walimu wakibadilika kila mwaka, mtoto wa madarasa ya chini hupoteza kila mara mtu aliyeanza kumjua.

Imani haiwezi kuziba pengo la masomo. Nimekutana na wazazi wanaosema, "Hesabu zake dhaifu, lakini anakua kiroho." Luka anasema Yesu alizidi kuendelea "katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu", hekima imetajwa kwanza. Tulitazama vitabu vya kiada. Kimoja kilikuwa kimejaza mistari ya Biblia pembezoni mwa kurasa za sehemu na desimali, huku maelezo yenyewe ya sehemu yakiwa ya ovyo. Sehemu zikifundishwa kwa uaminifu hadi mtoto azielewe, huo tayari ni utumishi. Kwenye sayansi uliza waziwazi wanafundishaje asili ya viumbe, kwa sababu Wakristo hawana jibu moja. Shule nyingine hushikilia siku sita za saa ishirini na nne. Kanisa langu, tangu Papa Pio XII mwaka 1950, limeruhusu wasomi wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema evolusheni ni zaidi ya dhana tu. Mume wangu hakubaliani na sehemu ya hayo. Tulichokubaliana ni kwamba mtoto afundishwe wanasayansi wanasema nini na wanalijuaje, kabla hajafundishwa kulipinga. Asipolijua, atalikuta mbele ya safari, na siku hiyo atajiuliza mengine aliyofichwa ni yapi.

Mtoto wetu wa pili ndiye aliyelipima swali langu la mtoto akikosa, ingawa yeye hakuwa amekosa lolote. Alifika darasa la tatu akisoma kwa kubahatisha, anaanza neno halafu analimalizia kichwani mwake. Mwalimu mmoja alimwita mvivu. Mwingine, mwenye nia njema kabisa, alituambia tufunge na kuomba, huenda ni roho ya upinzani. Tulifunga, hatukatai maombi. Lakini mwalimu wa darasa lililofuata, mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi, alisali naye asubuhi kisha akatuandikia barua ya kumpeleka akapimwe, maana alimshuku kuwa na disleksia. Ikawa ndiyo. Si ugonjwa, wala si upungufu wa akili; ubongo unapata taabu kuunganisha sauti za maneno na herufi, na mtoto anahitaji kufundishwa sauti hizo polepole, kwa mpangilio, tena na tena. Mwanamke yule, kwangu, ndiye maana ya shule ya Kikristo: hakumwachia Mungu kazi ambayo Mungu alikuwa amemwachia yeye.

Shule yake ilikuwa inaishia madarasa ya chini, kwa hiyo tulitafuta nyingine kwa ajili ya kuendelea. Shule ambayo dada yake alikuwa anasoma, tuliyoipenda, ilisoma ripoti ya vipimo ikatuambia kwa upole kwamba haina nafasi ya mtoto wa aina hiyo. Nafasi zilikuwapo; tangazo lilikuwa bado getini. Walichokuwa wanalinda ni wastani wa matokeo. Ilinikera, na bado inanikera, maana ukutani pale ofisini pameandikwa "Waacheni watoto wadogo waje kwangu". Mkuu wa shule ndogo zaidi, isiyo na jina, alisoma ripoti ileile akauliza, "Anapenda nini?" Tukasema anapenda kutengeneza vitu. Akasema basi tutaanzia hapo. Leo watoto wetu wako shule mbili tofauti, zenye kalenda tofauti, na wanaotuonea huruma wana haki.

Kuna jambo moja ambalo sikuruhusu haya inizuie kuliuliza, nalo ni usalama wa mtoto. Watu wa kanisa huona aibu kulitaja, na aibu hiyo imewagharimu watoto wengi. Ripoti ya tume ya Ireland ya mwaka 2009 ilieleza mateso ya watoto katika taasisi zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa kwa miongo mingi. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyofanya kazi tangu 2013 hadi 2017, iliyakuta hayohayo katika taasisi za aina nyingi, za makanisa zikiwemo. Kwa hiyo niliuliza: mna sera iliyoandikwa? Mtu mzima anaruhusiwa kubaki na mtoto mmoja chumba kilichofungwa mlango, hata kwa ushauri wa kiroho? Wafanyakazi, wakiwemo madereva na wanaojitolea, mnawachunguza kabla ya kuwaajiri? Mtoto akiwa na la kusema anamwambia nani, na mtu huyo analipeleka wapi nje ya shule? Jibu lililoniogopesha kuliko yote lilikuwa la mtu mkarimu kabisa: "Hapa sote ni watu wa Mungu, mambo hayo hayapo." Shule iliyonionyesha karatasi, ikanitajia jina la mhusika na kunionyesha milango yenye vioo ilinipa amani zaidi ya ile iliyoniombea.

Mambo ya karatasi niyapite haraka. Hakikisha shule imesajiliwa na kwamba cheti chake kinapokelewa na shule ya ngazi inayofuata. Omba orodha ya michango yote, si ada peke yake: safari, vitabu, kambi za maombi, sherehe, ujenzi. Uliza kama kuna punguzo kwa mtoto wa pili na mfuko wa kusaidia familia iliyoyumba katikati ya mwaka. Shule inayomtoa mtoto darasani mbele ya wenzake kwa sababu ya ada imekwisha kulijibu swali la nidhamu, hata kama hukuuliza.

Madarasa ya kati ndiyo yaliyotufunza kwamba tulichagua shule kwa ajili ya mtoto mmoja akatokea mwingine ndani ya mwili uleule. Kifungua mimba wetu, binti aliyekuwa akikimbilia kuongoza sala, alianza kukaa nyuma. Mwalimu mmoja wa darasa zima akawa walimu wengi wa masomo mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyemjua vizuri kama yule wa zamani. Simu ikaingia katika habari za kila siku. Kisha bibi yake, mama yangu, akaugua. Shule nzima ilimwombea, na alifariki. Binti alisimama kwenye kipindi cha dini akauliza kwa nini Mungu aliyesikia maombi ya mitihani hakuyasikia ya bibi.

Mwalimu wa kipindi alimwambia swali hilo ni la kukosa imani, binti akakaa. Kasisi wa shule alipopata habari alimtafuta kesho yake, wakazungumza uwanjani mchana kweupe. Hakumpa jibu. Alimwambia asome Zaburi ya 13, inayoanza na mtu anayemuuliza Mungu atamsahau hata lini, kisha asome ya 88, inayomalizikia gizani bila neno hata moja la faraja, halafu amwambie kwa nini watu wa Mungu walizihifadhi hizo katika kitabu cha sala. Ilimchukua siku kadhaa. Alirudi kwake na majibu yake mwenyewe, ambayo mimi sikuambiwa yote, na hiyo ni haki yake. Shule ileile, walimu wawili. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza kuhusu madarasa ya kati, namwambia aulize mtoto mwenye shaka anafanyiwa nini, na amuulize mwalimu wa dini, kasisi na mwalimu wa darasa kila mmoja peke yake. Uliza pia kama watoto hulazimishwa kutoa ushuhuda au kuongoza sala. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayelazimishwa kusema anachokiamini hujifunza kusema kinachotakiwa.

Ile hofu yetu ya marafiki wabaya nayo ilituchekesha. Walikuwapo. Walijua nyimbo zote za ibada.

Nyumbani hatukupunguza kitu. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu elimu ya Kikristo, la mwaka 1965, linawaita wazazi waelimishaji wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na mume wangu, ambaye hapendi sana matamko ya Roma, alilikubali kwa kuwa Kumbukumbu la Torati limekwisha kusema hivyohivyo: uyanene "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani". Tuna jamaa waliompeleka mtoto shule ya bweni ya watawa ili "awekwe sawa", wao wenyewe hawajawahi kusali naye. Watawa walifanya walichoweza.

Ukiwa bado unatafuta, kuna mtu mmoja ambaye shule haitakupa namba yake: mzazi aliyemtoa mtoto. Mtafute kwa watu. Usimwamini kwa kila jambo, maana anaweza kuwa na kinyongo, ila muulize alivyopokewa siku aliyoleta malalamiko, na alivyoagwa siku aliyoondoka. Mama mmoja aliniambia kwamba shule aliyoiacha kwa hasira ilimwandikia mwanawe barua nzuri ya kumtambulisha kwenye shule mpya, na kwamba mwalimu wake wa zamani alipiga simu kuuliza kama amepata marafiki. Tulichukua fomu kwenye shule hiyo aliyoiacha wiki iliyofuata.